Maji ya waipa yasigande: ninavyoliandaa gari kwa baridi ya Minnesota

Huku Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, kinachomaliza maji ya waipa, yale yanayorushwa kuosha kioo cha mbele, si mvua, ni chumvi. Barabara inamwagiwa chumvi, theluji inayeyuka, na lori la mbele linakurushia tope la kijivu ambalo likikauka linageuza kioo chote kuwa cheupe. Uko kwenye maili 60 kwa saa, unavuta swichi, maji hayatoki, huoni kitu. Kazi ya kuzuia hilo naifanya katikati ya Oktoba, kabla usiku haujaanza kushuka chini ya sifuri mfululizo.

Namba iliyoandikwa kwenye galoni ndiyo ya kusoma kwanza. Ya kiangazi huandikwa 32°F, yaani sifuri ya Selsiasi, kwa hiyo inaganda sawasawa na maji ya bomba. Ya baridi inayouzwa sana ni −20°F, nyuzi 29 chini ya sifuri, na kinachoizuia isigande ni metanoli, aina ya alkoholi yenye sumu, takriban theluthi moja ya mchanganyiko. Tarehe 30 Januari 2019 mji wetu mkubwa, Minneapolis, ulishuka hadi −28°F, karibu nyuzi 33 chini ya sifuri. Asubuhi kama ile galoni ya −20 haikusaidii. Kuanzia Desemba hadi Februari natia ya −35°F, nyuzi 37 chini ya sifuri, hata kama bei yake imezidi.

Kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote ni kuongezea ya baridi juu ya ya kiangazi. Chukua tanki lenye lita 2 za kiangazi, ongeza lita 2 za −20°F. Metanoli imebaki nusu, na mchanganyiko huo unaanza kuganda kwenye nyuzi kama 11 au 12 chini ya sifuri, ambao ni usiku wa kawaida kabisa wa Januari. Mwenye gari anaapa kwamba ametia maji ya baridi, na kweli ametia, lakini namba ya kwenye galoni haihusiki tena na kilichomo tankini.

Kwa hiyo tanki linamalizwa kwanza. Napuliza maji kwenye kioo sekunde 10, naacha pampu ipumzike, napuliza tena. Ikianza kutoa hewa nasimama, maana pampu hupozwa na maji yanayopita ndani yake na ikizunguka kavu inaungua. Njia ya haraka zaidi ni kuchomoa mpira wa pampu na kukinga beseni. Kwenye magari mengi pampu imechomekwa ubavuni mwa tanki, chini kabisa, nyuma ya bampa au madigadi ya mbele. Nikishajaza maji mapya napuliza mpaka rangi mpya ionekane kwenye kila tundu la kurushia maji. Hapo ndipo wengi wanasahau dirisha la nyuma. Mpira wake unatambaa urefu wote wa gari hadi juu ya mlango wa nyuma, na ukibaki na maji ya kiangazi utaganda wakati mbele kunafanya kazi vizuri. Kama gari linaosha na taa za mbele, mipira yake nayo isafishwe hivyo hivyo.

Kama nina shaka na kilichomo, nachukua kidogo kwenye kichupa chenye kifuniko, nakiacha nje usiku wa baridi pamoja na kipimajoto. Sikiweki kwenye friza ya chakula, kwa sababu metanoli ni sumu. Yakiamka mazito kama uji wa barafu, yamwagwe yote yabadilishwe. Hata maji yaliyokuwa mazuri Oktoba hudhoofika, kwa sababu joto la injini huivukiza metanoli taratibu, na kifuniko kisichoshika vizuri huharakisha.

Tundu lenyewe linaweza kuziba hata tanki likiwa salama. Tone linalobaki mdomoni hupoteza metanoli, likabaki maji matupu, likaganda. Kitambaa cha moto juu ya tundu kwa dakika chache kinatosha. Pini naikwepa, kwani inapindua mwelekeo wa maji.

Kuganda kwenye kioo ni jambo lingine. Gari likienda kasi, upepo huivukiza metanoli kwanza, na inapogeuka mvuke inachukua joto la kioo. Maji yanayobaki yanaganda papo hapo na kioo kinakuwa ukungu wa barafu mbele ya macho yako. Maji makali zaidi hayaondoi tatizo hili. Dawa yake ni kupuliza hewa ya moto kwenye kioo dakika 10 hivi, hadi sehemu ya chini iwe na joto mkononi, ndipo uguse swichi.

Yakishaganda, usiendelee kubonyeza. Pampu iliyokamatwa na barafu huunguza fyuzi, au mota yake yenyewe. Ukisikia ikinguruma bila maji kutoka, mpira au tundu limeziba. Ikiwa kimya kabisa, angalia fyuzi. Gari likae saa kadhaa kwenye gereji yenye joto. Maji ya moto usiyamwage kwenye kioo, kinaweza kupasuka. Wala usiyatie tankini, maana yatadhoofisha mchanganyiko na usiku utaganda upya. Maji yakigeuka barafu huvimba kwa karibu asilimia 9, na tanki lililojaa linaweza kupasuka. Kulanti, maji ya kupozea injini, nayo haifai kabisa hapa: inapaka kioo mafuta na inaharibu rangi ya gari.

Walio Sweden au Ujerumani watakuta ethanoli badala ya metanoli, kwa sababu Umoja wa Ulaya umeibana metanoli isifike asilimia 0.6. Mara nyingi huuzwa ikiwa kali, ya kuchanganya na maji kwa jedwali la nyuma ya chupa.

Jambo moja nalisisitiza kwa kila nyumba yenye watoto. Tumezoea kutumia tena chupa za soda. Maji haya ni ya buluu kama kinywaji, na metanoli kidogo tu hupofusha au kuua. Yabaki kwenye galoni lake, mbali na tanuri la gereji kwa sababu yanashika moto. Galoni moja nyingine hukaa wima kwenye buti.

Na kabla ya kuvuta swichi asubuhi, nyanyua waipa kwa mkono: swichi ile ile inazizungusha, na zikiwa zimegandia kioo, mpira wake unachanika.