Vitu vya vita ninavyovikataa

Mimi ni fundi saa hapa Voi, na kwa miaka mingi nimekuwa nikikusanya mabaki ya Vita vya Kwanza vya Dunia vilivyopiganwa kwetu: maganda ya risasi, chupa za udongo, makopo ya nyama, pesa za Kijerumani. Wageni wakija kuyaona huuliza bei. Kama wangeuliza nimekataa nini, tungekesha.

Ukitoka Voi kwenda Taveta unapita Maktau, halafu Mbuyuni, kisha kilima cha Salaita kinajitokeza peke yake kwenye tambarare. Wajerumani waliikamata Taveta Agosti 1914 na kilima hicho wakakishikilia. Tarehe 12 Februari 1916 Waingereza waliwatuma askari wa Afrika Kusini kukitwaa. Mizinga ikapiga kileleni, kumbe askari wa Mjerumani, wengi wao Waafrika wenzetu, walikuwa wamejichimbia chini, kwenye miguu ya kilima. Waafrika Kusini walirudishwa nyuma siku hiyo. Hadi leo, mvua kubwa ikishanyesha, wachungaji wa mbuzi huokota maganda huko na kuniletea.

Maganda nayapenda kwa sababu yanazungumza. La Kiingereza, la bunduki ya .303, ni jembamba. La Mauser ya mwaka 1871, bunduki kuukuu ambayo askari wengi wa Mjerumani walikuwa bado nayo, ni nene kama kidole gumba, na lilijazwa baruti nyeusi yenye moshi mwingi, kwa hiyo kila aliyefyatua aliwaonyesha maadui alipo.

Kabla sijalipokea ganda lolote nalitazama kitako kwa lenzi yangu ya saa. Katikati pana kiduara kidogo. Kikiwa na kishimo, risasi ilishapigwa. Kikiwa laini, na ncha bado iko mdomoni, hiyo ni risasi nzima, na kuwa nayo bila kibali ni kosa. Wavulana huing'oa ncha kwa mawe ili shaba waipeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kwa hilo sina mzaha: risasi nzima siinunui kwa bei yoyote, wala haiwekwi juu ya meza yangu, na nimewaambia wakiiona waiache ilipo wamwite chifu. Wapo walioninunia. Wakinuna wakiwa bado na vidole vyote kumi, mimi nimeridhika.

Huo mpaka ulikuwa rahisi. Mgumu ulikuja na vifungo. Mchungaji mmoja aliniletea vifungo vya shaba, kimojawapo kikiwa bado kimeng'ang'ania uzi na kipande cha kitambaa. Nikamuuliza amevipata wapi.

"Korongoni, fundi. Kuna na mifupa."

Tulikwenda pamoja na baba yake na naibu wa chifu. Maji yalikuwa yamelimega korongo ubavuni, mfupa wa paja ukawa umechomoza. Chini yake niliona kitu ambacho sijakisahau: misumari midogo ya soli ya buti, imepangika vile vile kwa umbo la mguu, ilhali ngozi yenyewe ilishaoza zamani. Baba wa kijana alivua kofia. Vifungo tulivirudisha pale vilipokuwa, tukafunika kwa udongo na mawe, na naibu wa chifu akaahidi kuwaarifu watu wa makumbusho. Kifungo kikikaa na mifupa yake kinaweza kusema huyu alikuwa wa jeshi gani, labda hata wa kikosi gani. Kikiingia kwenye kopo langu, hata mimi mwenyewe nitashindwa kusema zaidi ya kwamba ni kifungo.

Mnunuzi wa ng'ambo niliyezoea kumuuzia maganda alisikia. Akanitajia bei iliyoizidi kodi yangu ya duka ya miezi kadhaa. Sikumjibu, na tangu hapo simuuzii hata ganda.

Kwenye makaburi ya kijeshi ya Voi na Taveta mawe yana majina. Mpagazi aliyekufa kwa kuhara damu akiwa na mzigo wa unga kichwani hana jiwe. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba marehemu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao watu wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kwa nchi yenye uchache huo wa majina, mimi nitaliuzaje moja?

Ndiyo maana medali za vita hivyo sizinunui. Waingereza walizichonga ukingoni namba, cheo, jina na kikosi cha mwenyewe. Kijana mmoja alikuja nayo imefungwa kwenye leso. "Ya babu yake baba," akasema, "nipe hata elfu tatu." Nilimsomea ukingo kwa lenzi, kisha nikamuuliza nani mwingine nyumbani anajua ameitoa. Akainama. Nilimpa nauli, nikampigia shangazi yake. Basi ukazuka ugomvi wa ukoo mzima: nani aitunze, nani aliificha, nani alitaka kuiuza zamani. Mwishowe ikabaki kwa shangazi. Mjomba mmoja wa familia hiyo hanisalimii hadi leo, anasema nilijitia katika yasiyonihusu. Ana haki yake.

Nyota za Burma, medali za Vita vya Pili vya Dunia, ndizo zinazonivuruga. Wanajeshi wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki) waliopigana na Wajapani mwaka 1944 walipewa nyota ile yenye ncha sita, lakini nyingi hazikuchongwa jina. Basi nalitafuta jina mdomoni mwa muuzaji. Akinieleza ilikuwa ya nani, nyumbani kwao ni wapi, kaburi liko wapi, namwambia airudishe. Asipojua lolote, nanunua. Hapo kanuni yangu inaniuma yenyewe, kwa kuwa ninazobaki nazo ni zile zilizopoteza habari, na habari ndiyo niliyokuwa nikiitafuta tangu mwanzo.

Pesa hazinipi shida hiyo. Sarafu za Kijerumani za heller 20 za Tabora za mwaka 1916, zilizopigwa kwenye karakana ya reli Mjerumani alipokatiwa njia ya bahari, nazinunua, nazibadilisha na kuziuza bila kukosa usingizi. Zilipita mikono ya kila mtu.

Sasa yupo mfanyabiashara pale soko la Taveta mwenye mnyororo wa shingoni. Anadai uliwafunga wapagazi wa Mjerumani. Nimeushika: chuma kizito, pete zake zimelika upande mmoja. Inawezekana ni wa ng'ombe. Ukiwa wa ng'ombe, nitakuwa nimenunua uongo na kuupa hadhi ya historia. Ukiwa wa kweli, sijui nitauweka rafu gani, karibu na nini. Kila siku ya soko hunipigia simu kuuliza kama nimeamua. Juzi nilimwambia bado, akaniambia bei imepanda.