Barua ya udahili haikupandishi ndege: uzamili wa uhandisi wa mazingira kwa walioko Kigoma

Wahandisi wengi vijana huku kwetu huanza kwa kutafuta chuo, wakishapata udahili ndipo wanageukia pesa. Mpangilio huo unawaangusha. Angalia Ujerumani: vyuo vingi vya umma havitozi ada, na hapo ndipo watu wanapojipa moyo. Lakini kwenye viza utaulizwa pesa ya kujikimu, na tangu Septemba 2024 kiasi kinachotakiwa ni euro 11,904 kwa mwaka, ziwe tayari zimewekwa kwenye akaunti iliyofungwa, yaani ile inayokuachia kiasi kidogo tu kila mwezi. Ni mhandisi gani wa miaka miwili kazini mwenye akiba hiyo? Kwa hiyo anza na mfadhili, kisha chagua kozi ambazo mfadhili huyo anazilipia.

Kwa mtu aliyefanya kazi mamlaka ya maji, RUWASA (wakala wa maji vijijini), au kwenye miradi ya maji na vyoo ya kambi za Nyarugusu na Nduta, mlango wa kwanza kuubisha ni EPOS, programu ya ufadhili ya DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na wasomi. Inataka uzoefu wa kazi usiopungua miaka miwili baada ya shahada, na shahada yenyewe isiwe imepita miaka sita. Mafunzo kwa vitendo ya chuoni hayahesabiwi, na wengi wanakatwa hapo. Aliyeingia SEAP, ule mpango wa miaka mitatu wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, akimaliza anakuwa ndani kabisa ya dirisha hilo. Hakikisha tu kozi unayoitaka imo kwenye orodha ya EPOS ya mwaka huo. Kozi nzuri iliyo nje ya orodha haitakusaidia.

Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, inadai saa 2,800 za kazi na kozi tatu tofauti kwenye fomu, na baada ya masomo unarudi nyumbani kwa miaka miwili. Kwa Afrika, Pan African University ina taasisi ya maji na nishati pale Tlemcen, Algeria, inayotoa ufadhili wa Umoja wa Afrika. Wasiotaka kwenda mbali wana Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, na Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha.

Marekani ni habari nyingine. Pesa nyingi ziko kwenye udaktari wa falsafa (PhD), si uzamili, na unaruhusiwa kuomba udaktari moja kwa moja ukiwa na shahada ya kwanza. Anayekulipa ni profesa kwa fedha za utafiti wake, au idara kwa kukupa kazi ya kusaidia kufundisha. Tafuta ndani ya idara za uhandisi wa ujenzi, maana fani yetu mara nyingi imefichwa humo. Mwandikie profesa Septemba au Oktoba, kwa sababu maombi mengi hufungwa Desemba. Barua pepe isizidi mistari minane: tatizo unalolijua, ulichokipima, kazi yake moja uliyoisoma kweli, na swali kama anachukua mwanafunzi mwaka ujao. Ile barua moja inayotumwa kwa maprofesa hamsini hutambulika kwenye salamu tu.

Kuhusu alama: usiibadilishe GPA yako kwenda kiwango cha 4.0 mwenyewe. Andika “4.1 kati ya 5.0” kama transkripti inavyosema. Kwa Ujerumani unaweza kujipima. Kanuni yao, kwa mfumo wetu ambao juu ni 5 na kufaulu ni 2, inakuwa rahisi: toa GPA yako kwenye 5, halafu ongeza 1; kwao namba ndogo ndiyo bora. Mwenye 4.1 anapata 1.9, mwenye 3.5 anapata 2.5, na 2.5 ndiyo mpaka wa kozi nyingi.

Sasa andiko la malengo. Hapa ndipo mtu wa Kigoma anapoweza kumpita mwombaji wa mji wowote, na inaniuma kuona fursa hii ikipotea. Sentensi kama “Napenda mazingira na nataka kuliokoa Ziwa Tanganyika” haimwambii msomaji lolote. Chukua badala yake maji machafu ya mashine za kukamua mawese. Maandiko ya fani huyapa maji hayo, yakiwa mabichi, BOD (oksijeni ambayo bakteria huhitaji kuozesha uchafu) ya takribani miligramu 25,000 kwa lita, wakati kiwango chetu cha kumwaga kwenye mazingira ni 30. Eleza kwa nini bwawa la kawaida linashindwa: mafuta hutanda juu na kuzuia hewa, na mashine ndogo hukamua kwa msimu, kwa hiyo bakteria hudhoofika mzigo unapokatika. Kisha sema unataka kujifunza nini ili ulitatue: mtego wa mafuta wa bei nafuu, au mtambo wa biogesi unaovumilia mapumziko. Kama una vipimo vyako, hata sampuli kumi, viweke, ukitaja mahali, mwezi na kifaa ulichotumia.

Nyaraka zianze mwaka mmodi kabla. Majina kwenye cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, NIDA na pasipoti yalingane herufi kwa herufi. Yasipolingana, pata hati ya kiapo mapema. Mikoa ya mpakani kama wetu uhakiki wa uraia unaweza kuchukua muda, basi pasipoti isisubiri barua ya udahili. Kabla ya kulipia mtihani wa Kiingereza wa IELTS na nauli ya kuufuata, uliza kama chuo kinakubali barua kwamba ulisoma kwa Kiingereza, vingine vinakubali. Walimu wa kukuandikia mapendekezo wape wiki sita, pamoja na transkripti, andiko lako na tarehe ya mwisho. Anayekuandikia bila hivyo ataishia kusema ulihudhuria vipindi.