Kwanini omakase inahitaji kaunta ya viti 10

Nikiongelea Sukiyabashi Jiro ya Ginza, Tokyo, mgahawa wa sushi wa viti 10 ulioko chini ya jengo la ofisi, ule ambao Abe, waziri mkuu wa Japani wakati ule, alimpeleka Obama mwaka 2014, watu wananiambia udogo ule ni mbwembwe tu za kukifanya kitu kiwe adimu. Mi nakataa kabisa. Udogo ule ndo ufundi wenyewe.

Kwenye omakase huagizi, unakaa kaunta, shefu ndo anaamua leo unakula nini na kipi kinatangulia, anakanda kipande kimoja cha sushi, yaani tonge dogo la wali na samaki juu yake, anakuwekea, unakula, anakanda kingine. Wali wake uliotiwa siki na chumvi unatakiwa uwe na joto karibu na la mwili, ukikiacha hapo unapiga picha wali unapoa na mwani unalegea, kile alichokutengenezea kimeshapotea. Sasa hebu fikiria kufanya hivyo kwa watu 80. Alafu anakusoma pia, unashika kwa mkono wa kushoto anakugeuzia kipande, anaona mdomo wako mdogo anapunguza wali, na hujafungua mdomo kumwomba chochote. Hiyo inanigusa sana aisee.

Na hii habari ya kwamba sushi ni samaki mbichi aliyetoka baharini sasa hivi basi, sio kweli. Sushi ya mtindo huu ilianza kama chakula cha vibanda vya barabarani Edo, yaani Tokyo ya zamani, miaka ya 1820 hivi, Hanaya Yohei ndo anatajwa sana, na friji hakuna, kwa hiyo kila samaki alitafutiwa njia yake ya kutoharibika: jodari analowekwa kwenye soya, mkunga anachemshwa, kohada, kasamaki kadogo ka kung'aa, anatiwa chumvi kisha siki. Friji zimekuja na mbinu zimebaki, kwa sababu ladha iko humo.

Jodari mkubwa mara nyingi anakaa kwenye baridi siku kadhaa kabla hajakatwa. Samaki akishakufa ile nguvu iliyobaki kwenye nyama inavunjika taratibu mpaka inakuwa inosinati, ambayo ndo utamu wenyewe, na ndo maana samaki wazuri wanauliwa kwa ikejime, anachomwa ubongo mara moja, anatolewa damu, waya unapitishwa kwenye uti wa mgongo, asitapetape akaimaliza ile nguvu bure. Pweza pale kwa Jiro anakandwa kwa mikono dakika 40 mpaka 50 kabla ya kuchemshwa, sisi pwani tunampiga kwenye jiwe, shida ni ile ile, nyama yake ngumu.

Michelin, wale wa kitabu cha kupima migahawa, waliwapa nyota 3, daraja lao la juu kabisa, mwaka 2007, wakawatoa kwenye kitabu chao 2019 kwa sababu mtu wa kawaida hawezi kupata nafasi pale. Mi naona walikuwa na haki, japo chakula hakikubadilika. Chakula kilichozaliwa barabarani kisiishie kwa wenye kujuana tu.

Kwa hiyo ukifika Tokyo na huna wa kukushika mkono, tafuta sushi za kula umesimama, zipo na bei yake inalipika. Omba kohada kwanza. Chumvi ikizidi au siki ikizidi kidogo tu ameharibika, kwa hiyo hapo utajua mapema kama shefu wako anaijua kazi.