Jumamosi moja na wageni wa pwani katika ikulu za Buganda

Kazi yangu ni kuongoza wageni Kampala, na wengi wao si Wazungu. Ni watu wa Tanga, Dar, Unguja na Mombasa, wanaochanga fedha kidogo kidogo kwenye vikundi vya mtaani au vya msikitini, kisha wanapanda basi, wanavuka mpaka wa Mutukula au wa Busia na kadi za homa ya manjano mkononi, kuja kuona nchi za watu. Mimi nimekulia Walukuba, Jinja, kwenye nyumba za wafanyakazi wa viwandani ambako kila kabila lilikuwepo na Kiswahili ndicho kilichotupatanisha. Kwa hiyo mtaji wa kazi hii nilikuwa nao kabla ya kujua kwamba ni kazi.

Saa 11 alfajiri

Nafungasha mkoba: maji, plasta, dawa ya kichwa, kitabu cha risiti na leso za ziada. Leso ndizo muhimu kuliko vyote. Makaburi ya wafalme hayaingiliki kwa suruali kama wewe ni mwanamke, wala msikiti, na katika kila kundi yumo binti aliyekwisha kuambiwa hivyo tangu kwao lakini akaja na suruali tu.

Saa 1 asubuhi

Bodaboda inanishusha hotelini, karibu na Barabara ya Namirembe. Wageni wamekwisha kukaa mezani mbele ya katogo, ndizi zilizopikwa pamoja na utumbo, na wanaiangalia kwa wasiwasi.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Huku chai haitiwi hata iliki?"

Ni bibi wa Unguja, wa Mji Mkongwe hasa, na tangu jana kundi zima linamwita Bi Mkubwa. Pembeni yake yupo mzee wa Tanga, mwenye kofia ya kiua, ambaye mpaka sasa hajasema zaidi ya salamu. Nawaeleza mpango wa siku, nawaomba kila mmoja ashike kitambulisho chake, maana mtu wa Afrika Mashariki mara nyingi hulipa kiingilio pungufu, na bila kitambulisho hapana mjadala. Dereva wetu, Ssalongo, anapiga honi. Ana pacha nyumbani, na jina hilo la heshima halikubali kuchelewa.

Saa 2 na nusu

Tunaanzia Old Kampala, kwenye Msikiti wa Taifa. Idi Amin aliuanzisha miaka ya 1970, ukakaa gofu kwa miaka mingi, mpaka fedha za Libya zikaumaliza. Hiki ndicho kilima ambacho Mwingereza, Kapteni Lugard, alijenga ngome yake mwaka 1890. Mnara una ngazi zaidi ya 300. Wazee watatu wanabaki chini na Ssalongo. Bi Mkubwa anapanda, akisimama kila baada ya mzunguko na kusingizia kwamba anatazama mandhari.

Mandhari yenyewe ndiyo sababu ya kuanzia hapa. Kutoka juu unaiona Kampala kama ilivyo, mji wa vilima: Mengo, Namirembe, Rubaga, Kibuli, na Kasubi kule. Nawaambia zamani kila Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, alichagua kilima chake, akajenga, na mji ukamfuata. Akifariki, ikulu yake inaweza kugeuka kaburi, na mrithi anaanza upya kwingine. Ndiyo maana hapa hutaona mji mkongwe wenye vichochoro.

Halafu nawapa walichokuja nacho bila kujua. Mwaka 1844 mfanyabiashara Mwarabu kutoka pwani, Ahmed bin Ibrahim, alifika kwa Kabaka Suuna II, na Uislamu ukaanza kusikika barazani. Mwana wa Suuna, Mutesa I, alijifunza Kiarabu na Kiswahili na akafunga Ramadhani miaka kadhaa. Misafara ilileta nguo na bunduki, ikaondoka na pembe za ndovu na watumwa. Hilo la mwisho siliruki, hata kama wageni wangu ni wa pwani. Kuna waongozaji wanaolificha ili wasimuudhi mgeni. Mimi naona mgeni mtu mzima anastahili habari nzima.

Saa 5

Mengo. Bulange, lilipo bunge la Buganda, tunalitazama nje tu. Jumamosi ofisi zimefungwa. Barabara ya Kabakanjagala inatoka hapo moja kwa moja hadi lango la ikulu, na kandokando yake zimewekwa sanamu za miziro, wanyama na vitu ambavyo ni alama za koo. Katikati ya barabara kuna mzunguko wa magari, na ndani ya mzunguko huo kuna njia nyembamba yenye geti. Sisi wote tunazunguka. Kabaka anapopita, geti linafunguliwa na yeye ananyoosha. Vijana walipiga picha za geti hilo kuliko za Bulange.

Saa 6 mchana

Lubiri, ikulu yenyewe. Mwanga II, mwana wa Mutesa I, ndiye aliyehamia kilima hiki miaka ya 1880, na jumba hilo mnaloliona, Twekobe, lenye nguzo nyeupe, lilijengwa 1922 enzi za Daudi Chwa II. Ndani hatuingii. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi la Rais Obote, likiongozwa na Idi Amin, liliivamia ikulu. Kabaka wa wakati huo, Mutesa II, akaruka ukuta, akapata teksi, akafika Burundi na hatimaye London, alikofia 1969.

Nyuma ya bustani, mteremkoni, kuna handaki la zege lenye vyumba upande mmoja. Lilikuwa ghala la silaha, likageuzwa mahabusu. Mwongozaji wa pale ndani ya Lubiri anaeleza maji yaliyotiwa umeme sakafuni na anaonyesha alama za viganja ukutani. Mimi hapo huwa nanyamaza, kwa sababu yeye analieleza vizuri kuliko mimi.

Mzee wa Tanga alisimama mlangoni muda mrefu. Kisha akauliza redio ya taifa ilikuwa upande gani kutoka hapa. Nikajua. Alikuwa askari wa JWTZ, jeshi la Tanzania, aliingia mji huu Aprili 1979 walipomwangusha Amin.

"Barabara ile mliyosinzia jana kwenye basi," akawaambia vijana, "Masaka, Lukaya, mpaka huku, sisi tuliipita kwa miguu. Na kule kwenye ikweta hakuna aliyetupiga picha."

Wakacheka, naye akacheka. Kijana mmoja akamwomba aendelee, akasema labda wakati wa chakula. Wakati wa chakula alikula.

Saa 8

Luwombo ya kuku, imefungwa kwenye jani la mgomba, na ndizi. Hapa hakuna aliyelalamika. Bi Mkubwa aliomba kufundishwa kulikausha jani juu ya moto lisipasuke.

Saa 9 na nusu

Kasubi, yalipo makaburi ya wafalme, nimeiweka mwisho kwa makusudi. Ratiba nyingi huanza nayo: dakika chache, picha, twende. Mtu wa Unguja akishushwa pale asubuhi, kabla hajajua chochote, ataona banda kubwa la nyasi na kuangalia saa yake.

Msichana wa tiketi anapiga magoti kuwasalimu wazee. Bi Mkubwa anamshika bega, "Inuka mwanangu, inuka," mpaka namnong'oneza kwamba hiyo ni adabu ya hapa na aipokee. Tunapita Bujjabukula, nyumba ya lango, kisha uwanja unafunguka na mbele yetu ni Muzibu-Azaala-Mpanga, paa linaloshuka kutoka kileleni hadi karibu kugusa ardhi. Watunzaji wametuomba tuishie uani leo, kwa hiyo nawasogeza karibu na ukingo. Nyasi zimefungwa mafungu mafungu, kila fungu limekazwa, na kingo zimekatwa sawasawa kama nywele zilizotoka kwa kinyozi. Kuezeka ni haki ya ukoo wa Ngeye. Ndani paa lina pete 52, moja kwa kila ukoo, na pazia la nguo ya gome la mti wa mutuba linakinga upande wanakolala Kabaka wanne.

"Ya lini?" Bi Mkubwa akauliza.

"Mutesa I aliijenga ikulu hapa 1882. Alipofariki, 1884, ikawa kaburi lake."

Akatulia kidogo. "Beit al-Ajaib ya Seyyid Barghash ni 1883."

Ndilo lile jumba la Sultani wa Zanzibar, kule Mji Mkongwe. Mimi hizi tarehe mbili ninazijua zote, lakini sikuwahi kuziweka bega kwa bega. Wafalme wawili wa zama moja, wakifanyiana biashara, mmoja anajenga kwa nguzo za chuma na mwingine kwa matete, mwaka mmoja mbali. Tukaendelea pale pale. Mji Mkongwe uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia 2000, Kasubi 2001. Kasubi iliteketea usiku wa Machi 16, 2010. Sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka Desemba 25, 2020, na Bi Mkubwa alikuwa mtaa wa pili aliposikia kishindo. Mwanga, mwana wa Mutesa, Waingereza walimpeleka Shelisheli akafia huko 1903. Khalid, mwana wa Barghash, naye baadaye walimpitisha Shelisheli hiyo hiyo.

"Kwani Mwingereza alikuwa na kisiwa kimoja tu cha kutupia watu?" akauliza mzee wa Tanga.

Kijana akataka kujua kama jengo hili ni la asili au ni jipya. Nikamwambia hata lile lililoungua lilikuwa limeshatiwa nguzo za zege mwaka 1938, na nyasi hazikusudiwi kudumu. Kilichodumu ni wajukuu wa Ngeye wanaojua kuezeka. Mwaka 2023 UNESCO iliiondoa Kasubi kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Nikawamalizia na la Mutesa II: mwili wake ulirudishwa kutoka London 1971, na aliyeurudisha ni Idi Amin, yule yule wa 1966. Bi Mkubwa akasema siasa haina haya, akaenda kutafuta pa kuswalia alasiri.

Saa 12 jioni

Foleni ya Nakulabye. Ssalongo amezima injini. Wageni wamelala.

Saa 2 usiku

Hesabu: mafuta, viingilio, posho ya mwongozaji wa Lubiri, ya Ssalongo, yangu. Bi Mkubwa amenunua kipande cha nguo ya gome na anataka kujua kama forodha ya Mutukula itamsumbua. Nimemshauri atunze risiti. Kisha nimefungua daftari langu la maelezo, kwenye ukurasa wa Kasubi, nikaandika pembeni ya 1882: Barghash, 1883. Kundi la Mombasa linakuja wiki ijayo, na nitaanza nalo kule juu mnarani, kabla hawajashuka ngazi.