Msimamizi wa Mirathi Si Mwenye Mali: Mwongozo kwa Familia Iliyompoteza Mtu Ajalini

Katika kazi yangu ya usaidizi wa kisheria hapa Morogoro, jambo ninalolikuta likivunja familia baada ya msiba kuliko jingine lolote ni imani kwamba mtu aliyeteuliwa na mahakama kusimamia mirathi amekabidhiwa mali iwe yake. Imani hiyo humfanya msimamizi auze nyumba bila kumwuliza mtu, humfanya mjane aogope kudai kilicho haki yake, na huwafanya ndugu wengine wakatae kabisa kumteua msimamizi kwa kuwa wanadhani wanamtajirisha mmoja wao. Nitaeleza jinsi usimamizi unavyokwenda Tanzania Bara, kwani Zanzibar ina sheria zake na Mahakama za Kadhi, na nitachukua mfano wa baba aliyefariki kwa ajali ya barabarani akiacha nyumba, shamba, mke na watoto. Nimeuchagua mfano huo kwa sababu unakutanisha madai ya fidia, mahakama na ardhi mahali pamoja, na kwa sababu barabara kuu zinazopita mkoani kwetu zinaufanya uwe wa kawaida mno.

Tuanze na karatasi, maana nyingi hupotea kabla ya matanga kwisha. Kama majeruhi alifikishwa hospitali akiwa hai, kutakuwa na fomu ya polisi ya matibabu, yaani PF3, na kumbukumbu za matibabu yenyewe. Ombeni nakala na mtunze risiti zote, za dawa, za usafiri na za mazishi. Kituoni, mtu mmoja wa familia aandike namba ya jalada la ajali, namba ya usajili wa gari, jina la kampuni ya bima iliyomo kwenye stika, pamoja na jina la askari anayepeleleza. Bima ya gari inaweza kuhakikiwa katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima kwa kutumia namba ya usajili, na uhakiki huo ni vyema ufanyike mapema, kabla mmiliki wa gari hajaanza kubadilisha maelezo. Kibali cha mazishi mlichopewa hospitali si cheti cha kifo. Cheti hutolewa baada ya kifo kusajiliwa kwa RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, na bila cheti hicho mlango wa mahakama na wa benki hufunguka kwa shida sana.

Baada ya hapo ndipo swali la msimamizi linapoingia, na hapa naomba msomaji anisikilize kwa makini. Mtu akishafariki, mali zake na madai yake hayana msemaji mpaka mahakama imteue mmoja. Mtoto mkubwa hawezi kwenda kumshtaki jirani aliyeingia shambani mwa baba yake kwa hoja kwamba yeye ni mtoto mkubwa, wala mjane hawezi kuhamisha hati ya nyumba yenye jina la mumewe kwa kuwa ameishi humo maisha yake yote. Mashauri mengi ya ardhi ya marehemu hutupwa nje bila kusikilizwa kiini chake kwa sababu hiyo moja tu, aliyeyafungua hakuwa msimamizi, na wakati familia inarudi kuanza upya, muda umekwisha kula sehemu ya haki yao. Sheria ya Ukomo, Sura 89, inatoa miaka 3 kwa madai yatokanayo na madhara na miaka 12 kwa shauri la kurejesha ardhi. Miaka 3 ni michache kwa familia iliyo katika msiba, hasa inapokuwa imesubiri arobaini, kisha mavuno, kisha kaka arudi kutoka safari.

Mahakama ipi? Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi inapokuwa sheria inayotumika ni ya kimila au ya Kiislamu, na marehemu alikuwa na makazi ya kudumu ndani ya eneo la mahakama hiyo. Mahali alipofia si hoja. Aliyeishi Kilosa akafia barabarani Chalinze, mirathi yake iko Kilosa. Kwa marehemu ambaye sheria hizo mbili hazimhusu, kama Mkristo aliyeishi mbali na mila za kwao, maombi huenda Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu chini ya Sheria ya Mirathi na Usimamizi wa Mali za Marehemu, Sura 352. Kwa wakazi wa Dar es Salaam kipo Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki cha Temeke, kinachoshughulikia mirathi na masuala ya ndoa katika ngazi zote chini ya paa moja. Mkikosea mahakama, hata uteuzi uliokwisha kutolewa unaweza kubatilishwa baadaye, kwa hiyo swali hili liulizwe kwa karani au kwa mwanasheria kabla ya kujaza fomu yoyote.

Uchaguzi wa sheria inayotumika una uzito pia katika mgawo, na wajane ndio wanaoubeba uzito huo. Kwa sheria ya Kiislamu mke hupata 1/8 ya mali akiwa mume ameacha watoto, na 1/4 kama hakuna mtoto. Kwa Sheria ya Urithi ya India ya 1865, ambayo bado inatumika nchini kwetu kwa wasiofuata mila wala Uislamu katika mirathi, mjane mwenye watoto hupata 1/3. Kwa kanuni za kimila zilizotangazwa katika Tangazo la Serikali namba 436 la 1963, mjane aliye na watoto hapati fungu lake mwenyewe, bali hutunzwa na wanawe. Nasema wazi kwamba kanuni hiyo inawaumiza wanawake, na sioni sababu ya kuendelea nayo zaidi ya miaka 60 baada ya kuandikwa. Mahakama Kuu Mwanza ilikwisha kuonyesha njia mwaka 1990, katika shauri lililotoka mkoani Kagera, ilipotamka kwamba mwanamke aliyerithi ardhi ya ukoo ana haki ya kuiuza sawa na mwanamume, kwa sababu Katiba hairuhusu ubaguzi. Mjane anayeambiwa na shemeji kwamba mila inamtoa mikono mitupu asikubali kabla hajamwuliza hakimu ni sheria ipi hasa inayomhusu marehemu. Mahakama hutazama jinsi alivyoishi, alivyofunga ndoa na alivyoonyesha nia yake, na haimalizi jambo kwa kutazama kabila lake peke yake.

Kikao cha familia ni desturi njema, na muhtasari wake uliosainiwa na waliohudhuria huisaidia mahakama kuona kwamba hakuna ugomvi. Hata hivyo muhtasari si amri, na ndugu wakikataa kukaa kikao ili kumkwamisha mjane, yeye anaweza kuomba usimamizi bila wao akaieleza mahakama sababu. Jedwali la Tano la Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura 11, linaruhusu kuteuliwa msimamizi mmoja au zaidi kati ya watu wenye maslahi katika mirathi, na linaitaka mahakama izingatie matakwa ya marehemu. Hakuna mahali linaposema awe mwanamume, wala awe wa upande wa baba. Ninapoulizwa ushauri, napendekeza wasimamizi wawili, mjane pamoja na mtu mmoja wa ukoo anayeaminika, kwa sababu kila mmoja anakuwa macho ya mwenzake. Kama ugomvi ni mkubwa kiasi kwamba hakuna anayemwamini yeyote, mahakama inaweza kumteua ofisa wake au mtu mwingine mwadilifu asiye na upande.

Maombi katika Mahakama ya Mwanzo hujazwa katika Fomu namba I, yakiambatana na cheti cha kifo na majina ya warithi wote. Wote ni wote. Mtoto wa nje ya ndoa atajwe, mke wa pili aliye Ifakara atajwe, kwa maana kuficha mrithi ni moja ya sababu za kufutwa kwa uteuzi. Kisha tangazo hubandikwa ili mwenye pingamizi ajitokeze kwa muda uliotajwa ndani yake, na mahakama nyingi hutaka litoke gazetini pia. Muda ukipita bila pingamizi, au pingamizi likisikilizwa na kuamuliwa, msimamizi hutia saini dhamana na kupewa hati ya uteuzi, ile ambayo watu mitaani wanaiita Fomu namba nne.

Hati hiyo ndiyo chanzo cha imani niliyoitaja mwanzoni. Ina mhuri, ina jina la mtu mmoja, na mwenye nayo huweza kuingia benki na ofisi ya ardhi na kusikilizwa. Lakini kanuni za 1971 zinazoongoza mirathi katika Mahakama za Mwanzo zinampa deni papo hapo: ndani ya miezi 4 tangu ateuliwe anapaswa kurudisha mahakamani Fomu namba V, yenye orodha kamili na ya kweli ya mali na madeni ya marehemu, na baada ya hapo kutoa hesabu katika Fomu namba VI kwa kadiri mahakama itakavyopanga. Mirathi iliyo chini ya Sura 352 ina muda tofauti, miezi 6 kwa orodha na mwaka mmoja kwa hesabu. Mrithi yeyote anaweza kwenda masijala na kuomba kuisoma orodha hiyo. Isomeni. Tazameni kama shamba limeandikwa, kama pikipiki iliyoko kwa baba mdogo imo, na pia kama imeingizwa mali isiyo ya marehemu. Nyumba yenye majina ya mume na mke si yote ya marehemu, na cherehani aliyoinunua mama kwa fedha zake haiingii katika urithi wa mtu mwingine.

Sasa fidia ya ajali. Bima dhidi ya madhara kwa mtu wa tatu ni ya lazima kwa kila chombo cha moto barabarani, na msimamizi ndiye anayeandika barua ya madai kwa mmiliki wa gari na kwa kampuni ya bima, akiambatanisha ripoti ya polisi, cheti cha kifo, hati yake ya uteuzi na hukumu ya kesi ya trafiki kama ipo. Kampuni ikikataa au ikinyamaza, ipo ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na ipo mahakama. Hatari iliyo kubwa zaidi huja mapema, pale mtu wa kampuni au wa mmiliki anapofika msibani na fedha kidogo pamoja na karatasi ya kutiwa saini. Pokeeni ubani kama ubani, lakini msisaini maandishi yanayosema kwamba malipo hayo ni ya mwisho na kwamba hamtadai tena, hasa siku ambazo bado mnakaa chini kwenye mkeka na hakuna aliyekwisha kuteuliwa.

Fidia ya kumpoteza aliyewatunza ina njia yake. Sheria ambayo leo ni Sura 310, inayohusu ajali zinazosababisha vifo, inailenga kwa mke au mume, wazazi na watoto waliokuwa wakimtegemea marehemu, na mahakama huigawa kwa kutazama kila mmoja amepoteza nini. Kwa hiyo bibi mzee aliyekuwa akitumiwa fedha za chakula na mwanawe kila mwezi ana nafasi yake katika madai hayo, na msimamizi anayeichukua fedha yote na kuigawa kama mbuzi wa urithi anawadhulumu waliotegemea zaidi. Leteni ushahidi wa utegemezi: miamala ya simu, risiti za ada, barua ya mwenyekiti wa mtaa.

Upande wa ardhi, msimamizi kwanza huandikwa katika hati akiwa msimamizi, ndipo ahamishe kwa warithi kulingana na mgawo. Anayenunua nyumba ya mirathi asiridhike na ile Fomu namba nne peke yake; aone ridhaa ya maandishi ya warithi wote watu wazima, na akutane na anayeishi ndani ya nyumba. Jirani akiwa amevamia shamba, msimamizi huanzia Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu, si kuamua nani mwenye ardhi. Likishindwa hutoa cheti, na siku 30 zikipita bila usuluhishi mnaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya bila cheti hicho. Rufaa kutoka Baraza la Wilaya kwenda Mahakama Kuu ina siku 45.

Msimamizi akiharibu, msipigane naye nyumbani. Andikeni maombi katika mahakama ileile iliyomteua, mkieleza kwamba alipata uteuzi kwa udanganyifu, au ametenda kwa makusudi au kwa uzembe kinyume cha maslahi ya warithi. Mahakama ina uwezo wa kumwondoa, kumweka mwingine, na kumwamuru alipe hasara aliyoisababisha. Uamuzi wa Mahakama ya Mwanzo msioridhika nao hukatiwa rufaa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30, na siku hizo huhesabiwa hata kama mnasubiri nakala, kwa hiyo ombeni nakala siku ileile uamuzi unaposomwa.

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, kwa wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa katika wilaya yake au kwa taasisi kama TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, na LHRC, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu; ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri huwa inawajua walioko karibu. Na kila kitu kikishagawiwa, msimamizi awasilishe Fomu namba VI ikiwa na saini za waliopokea, warithi waulizwe mahakamani kama wameridhika, na mirathi ifungwe rasmi. Chukueni nakala ya amri ya kufunga mirathi, kila mrithi na yake.