Chuma Hakina Kosa

Aprili 2014 nilikuwa mwanafunzi mkoani Zhejiang, China, na Kichina changu kilikuwa cha kuombea maji na kuulizia nauli. Siku ya mapumziko, mwenzangu wa darasani, mwenyeji wa Hangzhou, alijitolea kunitembeza Ziwa la Magharibi. Mimi nilitaka picha za ziwa. Yeye akasema tuanze kaburini.

"Kaburi la nani?"

"La Yue Fei."

Lango la hekalu liko ng'ambo tu ya barabara ya ziwani. Ndani kuna sanamu ya Yue Fei, jemadari wa kale, ameketi na mavazi yake ya vita, na juu ya kichwa chake kuna kibao: Turudishieni mito na milima yetu. Mwenzangu akanisimulia. Mwaka 1127 dola ya Song ilinyang'anywa kaskazini yote na Wajurchen, wavamizi kutoka kaskazini-mashariki, wafalme wawili wakachukuliwa mateka, na Gaozong, aliyetawazwa baada yao, akakimbilia kusini, mwishowe akaweka makao yake hapahapa Hangzhou. Yue Fei ndiye aliyekuwa akirudisha ardhi. Mwaka 1140 alikuwa amekaribia Kaifeng, mji mkuu wa zamani, ndipo akaamriwa arudi nyuma. Husimuliwa kwamba amri zilimjia kumi na mbili kwa siku moja. Akatii. Waziri mkuu, Qin Hui, alikuwa anasaka amani na adui, na jemadari anayeshinda ni kizuizi cha amani ya namna hiyo.

Yue Fei akasingiziwa uasi, na mwanzoni mwa 1142 akauawa akiwa mahabusu, umri wake miaka 38. Mwanawe Yue Yun akauawa pia. Jemadari mwenzake, Han Shizhong, alimwendea Qin Hui kumuuliza ushahidi uko wapi. Akajibiwa kwa maneno matatu: mo xu you. Yaani, huenda upo. Mpaka leo mtu akisingiziwa, Wachina husema kabambikwa kosa la mo xu you.

Hapo nilinyamaza kidogo. Baba yangu alikuwa mtunza ghala. Magunia yalipopungua, barua aliyoandikiwa ilisema "inasadikiwa" anahusika. Nilikuwa darasa la tano; nilijifunza neno hilo nyumbani kabla ya kulikuta kitabuni. Hakurudishwa kazini, na amekwisha kufa.

Tukafika makaburini, la baba na la mwana, ubavu kwa ubavu. Mbele yake, nyuma ya uzio, kuna watu wanne wa chuma waliopigishwa magoti, mikono imefungwa mgongoni: Qin Hui, mkewe Bi Wang, na maofisa wawili waliosaidia kuipika kesi, Moqi Xie na Zhang Jun. Karne kwa karne watu wamewapiga na kuwatemea mate, sanamu zikavunjika, zikafuliwa nyingine. Siku hizi kuna tangazo la kukataza kutema mate. Bibi mmoja alilisoma tangazo, akamtazama mlinzi, akageuka akatema pembeni, kwa adabu zote.

Karibu hapo kuna mistari miwili ya shairi ambayo mwenzangu alinitafsiria kwa taabu: milima ya kijani imebahatika kuzika mifupa ya mwaminifu, chuma kisicho na kosa kimefuliwa kuwa wasaliti.

"Na mfalme yuko wapi?" nikauliza.

Akacheka. Mfalme hana sanamu. Nilizunguka uzio mzima kana kwamba nitamwona amejificha. Waziri hakati kichwa cha jemadari mkuu bila bwana wake kuridhia, lakini mate yote yameishia kwa watumishi. Sikulipenda hilo, na bado silipendi.

Kisasi chenyewe kilikwenda ovyo. Mwaka 1150 askari mmoja, Shi Quan, alimvizia Qin Hui njiani na silaha, akamkosa, akauawa yeye. Qin Hui alikufa kwa maradhi mwaka 1155, kitandani kwake. Ni mwaka 1162 tu, mfalme mpya Xiaozong alipomsafisha Yue Fei jina, mwili ukatafutwa ukazikwe kwa heshima. Na ulipatikana kwa sababu mlinzi wa gereza, Wei Shun, aliubeba usiku akauzika kwa siri, kisha akamwachia mwanawe siri hiyo alipokuwa anakata roho.

Habari ya mlinzi ndiyo iliyonikaa. Baba alipofukuzwa, wakubwa wenzake walikuwa wakivuka barabara wakituona. Aliyekuja nyumbani alikuwa mlinzi wa ghala, na baiskeli yake, kumletea baba koti la mvua na chupa ya chai alivyovisahau ofisini.

Tulipotoka tukanunua cong bao hui: unga uliokaangwa kwenye mafuta, vijiti viwili vilivyoshikana, umeviringishwa na majani ya kitunguu ndani ya chapati nyembamba, kisha unagandamizwa kwenye chuma cha moto. Wenyeji husema vijiti hivyo ni Qin Hui na mkewe. Ladha yake ni kama andazi lisilotiwa sukari. Nilikula viwili.

Usiku nikampigia mama, nikamsimulia yote. Habari za jemadari alizipokea kwa "ehee" tu. Nilipofika kwa mlinzi akanikatiza.

"Alipewa nini?"

"Yeye alishakufa, mama."

Akanyamaza. Kisha akasema, "Yule mzee wa ghalani nimemwona sokoni juzi. Amechoka sana. Kesho nitampelekea unga."