Jinsi nilivyosafisha kwatzi ya Usambara kwa ajili ya kupima umri wa uso wa mwamba

Sampuli zangu zilitoka katika magenge ya Milima ya Usambara, upande wa Korogwe, nami nilitaka kujua ni muda gani umepita tangu mwamba ule ulipoachwa wazi na maporomoko. Miale itokayo angani huzipiga atomu za oksijeni zilizomo ndani ya kwatzi, madini magumu yang'aayo kama kioo, na kuzalisha berili-10, aina adimu ya elementi ya berili ambayo wingi wake ndani ya jiwe huonyesha muda uliopita, kwa kiasi cha takriban atomu nne tu kwa gramu kwa mwaka katika usawa wa bahari kwenye latitudo za juu. Huku Tanga, karibu na ikweta, uga wa sumaku wa dunia huzuia sehemu kubwa ya miale hiyo, kwa hiyo nilihitaji kwatzi nyingi zaidi.

Mawe niliyaponda Tanga, nikayachekecha na kubakiza chembe za milimita 0.25 hadi 0.5, kisha nikapitisha sumaku ili iondoe madini yenye chuma pamoja na vipande vilivyobanduka kwenye nyundo. “Mwanangu, mawe nayo huoshwa kama mchele?” aliniuliza mzee mpasua kokoto wa Pongwe aliyeniazima bamba la kupondea. Vumbi la chokaa la pale halikunitia hofu, kwa kuwa asidi hidrokloriki hulimaliza. Nilichohofia ni kwatzi ya jiwe jingine, ambayo ikishachanganyika hakuna asidi itakayoitenga.

Kazi ya asidi niliifanyia katika maabara ya chuo kikuu nchini Uingereza. Asidi hidrofloriki hupenya ngozi hadi mfupani, na iliyo hafifu huenda isiumize papo hapo, kwa hiyo sikuigusa bila jeli ya kalsiamu glukoneti kuwa mkononi. Ikizimuliwa hadi asilimia 2, huyeyusha feldispa, madini mengine yaliyochanganyika na kwatzi katika mwamba, upesi kuliko kwatzi yenyewe, na wakati huohuo hula tabaka la nje la kila chembe, mahali inaponata berili-10 iliyoletwa na mvua. Usambara hunyesha sana, na berili hiyo ya mvua yaweza kuizidi mno ile iliyozaliwa ndani ya jiwe. Hapa sikukubali kuharakishwa na mtu.

Feldispa ya miamba ile ni sugu. Nilirudia asidi mpaka alumini iliposhuka chini ya sehemu 200 kwa milioni, maana alumini, ambayo hutoka hasa kwenye feldispa iliyobaki, ikiwa nyingi hulemea safu za resini, yaani mirija ya chembe za kuchujia zinazotenganisha berili baadaye. Ndipo nilipopima kwatzi, nikaongeza robo miligramu ya berili-9, ile berili ya kawaida, iwe kipimo cha kulinganishia berili-10, na kuiyeyusha yote katika asidi kali, sambamba na chombo kisicho na jiwe cha kupimia uchafu wa maabara yenyewe.